Je, Miaka Mitatu Yamtosha Daktari?

Je, ni halali kijana kupunguza mwaka mzima wa masomo ya udaktari, ilhali uhai wa watu utakuwa mikononi mwake? Swali hili limewashughulisha watu huko Marekani, hasa tangu mwaka 2010, Chuo Kikuu cha Texas Tech kilipotangaza kwamba wanafunzi watakaoahidi kuwa madaktari wa familia wataweza kusoma miaka 3 badala ya 4.

Wapinzani husema haraka haina baraka. Lakini yafaa kwanza kutazama kilichokatwa. Yale mafunzo ya hospitalini yanayofuata baada ya chuo, ambayo kwa daktari wa familia ni miaka 3 chini ya macho ya wakubwa wake, hayakuguswa. Kilichopunguzwa ni likizo, pamoja na sehemu kubwa ya mwaka wa 4, ambao mwanafunzi huutumia kuonja kazi mbalimbali na kusafiri huku na huko akiomba nafasi. Wala jambo hili si geni: wakati wa Vita Kuu ya Pili vyuo vingi vya Marekani vilifuta likizo na kumaliza kwa miaka 3.

Basi si mgonjwa tunayemhofia. Shaka yetu iko kwingine: kijana huyu amechagua kabla ya kuonja. Ahadi ya mtu asiyejua anachokiacha ina uzito gani?

Sisi twaona ni ahadi ya haki, mradi asichague kwa ajili ya ule mwaka mmoja. Deni la masomo ni mzigo mzito kule, wala si aibu kulikwepa. Walakini kazi yenyewe ni kumtazama mzee yule yule mwenye sukari na presha, mwezi hata mwezi, miaka 20, pasipo sifa. Aliyeingia kwa kukimbia deni atatafuta mlango siku deni litakapokwisha, na watakaoachwa ni wagonjwa.

Wazazi nao (wa kule na wa kwetu ni wamoja katika hili) huuliza, “Na ubingwa je, mwanangu?” Hawajui kwamba huko Marekani udaktari wa familia umehesabiwa kuwa ubingwa kamili tangu mwaka 1969. Na swali hilo moja, likiulizwa mezani mbele ya ndugu zake, laweza kumvunja moyo kijana aliyekuwa ameamua vema.