Hadithi Isiyo na Msomaji

Mwezi wa Juni 1826, Patrick Brontë, kasisi wa Kianglikana katika kijiji cha Haworth, kaskazini mwa Uingereza, alimletea mwanawe Branwell askari 12 wa mbao wa kuchezea. Branwell aliwagawia dada zake. Charlotte akamwita wake Wellington, Branwell mwenyewe akamwita wake Bonaparte, na mchezo ukageuka utunzi. Watoto wale wakazua nchi, vita na magazeti, wakayaandika katika vijitabu vya kutoshea kiganjani, kwa herufi ndogo mno zinazomtaabisha msomaji. Baadaye Charlotte na Branwell walishika nchi ya Angria, Emily na Anne wakaanzisha yao, Gondal. Mwaka 1845, Emily akikaribia miaka 27, alisafiri na Anne hadi York, na njiani ndugu hao wawili walikuwa wakiigiza wahusika wao wa Gondal. Visa vya nathari vya Gondal vimepotea, yamesalia mashairi. Basi kazi ya miaka mingi, iliyotungwa na watu wawili kwa furaha yao tu, kisha ikapotea, ilikuwa na thamani gani?

Wengi hujibu kwamba yalikuwa mazoezi, kwa kuwa mwaka 1847 zilitoka riwaya za dada hao watatu, *Jane Eyre*, *Wuthering Heights* na *Agnes Grey*. Jibu hilo nalikataa. Likikubaliwa, Branwell, aliyefariki 1848 bila kuchapisha riwaya hata moja, atakuwa amepoteza utoto wake, ilhali askari walikuwa wake na meza waliyoandikia ilikuwa moja. Mwanafalsafa Aristotle alifundisha kwamba tunafanya kazi ili tupate wasaa, na kwamba yapo mambo yanayotendwa kwa ajili yake yenyewe. Anayedai kila jambo lizae jingine hatafika popote, maana lazima pawe na kitu ambacho hayo mengine yote yanatafutwa kwa ajili yake. Kutunga kwa raha ni kimojawapo.

Tena utunzi wa pamoja una wema wake ambao mtunzi wa peke yake haupati kwa urahisi. Unamlea mhusika, unampa jina na nasaba, halafu mwenzio anamtia gerezani. Huwezi kumfuta. Unalobakiwa nalo ni kuendelea kutoka hapo alipokuachia. Washairi wa Kiswahili wanaijua adabu hii katika takhmisa: Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyachukua maneno yanayonasibishwa na malenga wa kale Liyongo, akaongeza mishororo yake mpaka kila ubeti ukawa na mitano, na vina vya aliyemtangulia vikamfunga. Alikubali kufungwa. Kukubali huko, kwamba fikra ya mwingine iwe na haki ndani ya kazi yangu, ni unyenyekevu ambao mahubiri mengi yanautafuta, na hapa unapatikana ndani ya furaha.

Watu wa dini wana hoja mbili, na zote ni nzito. Ya kwanza ni kwamba kubuni ni kusema uongo. Lakini uongo humtaka mtu wa kudanganywa. Bibi akisema "Paukwa", hasimulii mpaka wajukuu waitikie "Pakawa". Wameridhia kabla ya neno la kwanza. Watungao pamoja wako mbali zaidi na udanganyifu, kwa kuwa hakuna msikilizaji asiyejua kisa kimetoka wapi.

Hoja ya pili inanisumbua zaidi: kila mtu ataulizwa umri wake aliumalizia katika nini. Ni kweli upo utunzi unaommeza mtu hata akasahau watoto na swala, na huo siutetei. Ila kosa hapo ni kuacha wajibu, na biashara nayo huwafanya watu wauache. Emily alikanda mkate wa nyumba yao na Gondal ikaendelea. Saa walizokaa wale ndugu wakisikilizana, kila mmoja akingoja kujua mwenzake ameona nini, mimi nazihesabu katika saa zilizotumika vyema.

Kwa hiyo, mzazi, ukimkuta binti yako na rafikiye wakijaza daftari kwa visa vya nchi isiyokuwapo, usiwaulize vitachapishwa lini. Wanunulie daftari la pili.