Mizani na Sauti ya Mtoto

Katika kambi moja ya watoto huko Marekani niliombwa kusaidia siku ya kuchagua waimbaji wa The Lion King, mchezo uliofika Broadway mwaka 1997. Kazi yangu ilikuwa kuita majina mlangoni. Wengi walitaka kuwa Simba, na jukwaa halichukui Simba wengi. Binti mmoja alikaukiwa na sauti, akatoka akilia. Je, ni haki mtoto kupimwa kwa pumzi chache? Mchezo hauwezi kuwapo bila ya kuchagua. Basi kupima si dhuluma. Dhuluma ni kumwacha mtoto aamini kuwa kilichopimwa ni utu wake, si wimbo wake. Hayo nilimweleza, nikachelewa kuita jina lililofuata. Haki ilikuwa mezani. Huruma ilipaswa kuwa mlangoni.