Kibanja Ni cha Nani?

Hakuna swali linalogawanya nyumba za Kikristo katika wilaya zetu za Bukoba na Muleba kuliko hili tuliloliandika hapo juu. Huulizwa mara tu matanga yanapoanuliwa. Ndugu walioimba pamoja kando ya kaburi sasa hawasalimiani; baada ya muda wanakutana mahakamani, na Jumapili kila mmoja hutafuta benchi lililo mbali na la mwenzake. Sisi tumeyaona haya kwa macho yetu, na kwa aibu tumeyatenda pia, kama tutakavyoeleza. Tunaandika kama mwalimu aliyestaafu, ambaye amekaa katika vikao vingi vya ukoo. Sisi si mwanasheria.

Kwanza tufahamu kibanja ni nini. Mgeni apitaye barabarani huona migomba tu. Mwenyeji huona nyumba katikati, migomba imeizunguka, mibuni chini ya migomba, maharage chini ya mibuni, na makaburi ya wazee upande mmoja. Kibanja kinatulisha, kinatupa fedha ya kahawa, na mwisho kinatupokea. Nje yake ni rweya, uwanda wa nyasi wenye udongo dhaifu.

Katika somo la jiografia tulizoea kuwauliza watoto: je, Mungu aliumba udongo wa namna mbili, mzuri wa kibanja na mbaya wa rweya? Sivyo. Ukanda huu wa ziwa hupata mvua nyingi sana, Bukoba mjini karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua hiyo huosha rutuba ikapotea chini. Rutuba ya kibanja imetengenezwa kwa mikono ya watu, kizazi baada ya kizazi, kwa samadi ya ng'ombe, majivu ya jikoni, maganda ya ndizi, na nyasi zilizokatwa rweya na kutandazwa chini ya migomba.

Je, ni mikono ya nani? Wanaume walipanda na kupogoa. Lakini matita yale ya nyasi yalipanda mlima juu ya vichwa vya akina mama na mabinti. Majivu na maganda yalitoka jikoni kwao. Na huko rweya ni wao waliolima misiri ya njugu mawe na mihogo. Basi mtu akisimama kikaoni na kusema, "Kibanja hiki ni jasho la babu zetu," amesema nusu ya kweli. Bibi zetu pia walitoka jasho.

Hata hivyo, tusiidharau mila, kwa maana ina hekima yake. Wazee waliona kwamba binti huolewa katika ukoo mwingine, na watoto wake huwa wa ukoo ule. Akiwaachia ardhi, makaburi ya baba zake yatakuwa mikononi mwa wageni. Waliona pia kwamba mtu mmoja mwenye kiu ya pombe anaweza kuuza kwa siku moja kitu kilichojengwa kwa miaka mia. Nabothi wa Yezreeli hakuwa mkaidi alipomkatalia mfalme Ahabu shamba lake la mizabibu. Alijua kwamba urithi wa baba zake si bidhaa ya sokoni, na kwa ajili hiyo aliuawa. Wazee wetu ni ndugu zake Nabothi. Mila yao iliwekwa katika maandishi ya serikali mwaka 1963: mwanamke aweza kutumia ardhi ya ukoo wakati wa uhai wake, lakini asiiuze, isipokuwa kama ukoo hauna mwanamume aliyebaki.

Sasa tueleze habari yetu wenyewe. Baba yetu alipofariki mwaka 1986, sisi tuliwekwa kuwa musika, yaani mrithi mkuu. Miaka michache baadaye dada yetu mdogo alirudi nyumbani na watoto watatu. Mume wake alikuwa amekufa katika ule msiba ambao mkoa wetu unaujua, maana ni hapa Kagera ambapo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983. Ndugu wa mume walikuwa wamemwondoa. Ukoo ulimpa sehemu ya kibanja ale, nasi tukajiona wema.

Mwaka 1991 binti yake wa kwanza alipata nafasi katika shule ya sekondari ya kulipia. Dada alitujia jioni akasema, "Kaka, naomba niuze ile sehemu ya chini ya njia, mtoto asome." Tukaitisha kikao. Wazee wakajibu kwamba mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Dada akauliza kwa upole, "Basi, baba zangu, katika ninyi ni nani atakayelipa karo?" Hakuna aliyejibu. Sisi pia hatukujibu, ingawa tulikuwa na mshahara, na kahawa ya baba ilikuwa mikononi mwetu. Tulimwambia avumilie. Mtoto hakwenda shule. Sisi tuliosomesha watoto wa watu kwa miaka mingi hatukumsomesha mpwa wetu.

Kosa letu halikuishia hapo, maana tulikuwa tumekwisha kusikia habari ya kesi ya Muleba. Mama mmoja, Holaria Pastory, alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Alipoona kwamba anazeeka na hana wa kumtunza, aliiuza mwezi wa Agosti 1988 kwa mtu asiye wa ukoo, kwa shilingi 300,000. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akamshtaki. Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha ilimpa mpwa ushindi, Mahakama ya Wilaya ikampa mama, na mwezi wa Februari 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akathibitisha kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kurithi na kuuza ardhi ya ukoo. Lakini jaji hakuutupa ukoo nje. Mila yetu tangu zamani inasema kwamba mwanamume akiuza bila idhini ya ukoo, mwenzake aweza kuikomboa ardhi kwa kumrudishia mnunuzi fedha yake. Jaji alisema kanuni hiyo sasa iwe sawa kwa wote, wanaume na wanawake.

Habari hii tuliijua, wala hatukumwambia dada. Tulinyamaza kwa sababu kunyamaza kulitufaa.

Tangu wakati ule tumelitafakari sana neno moja katika kesi ile: mama yule hakuwa na wa kumtunza. Ukoo ulikuja na haki yake mkononi, lakini wajibu wake ulikuwa wapi? Kwa nini wazee wa zamani walisema ardhi isitoke? Ili mjane, yatima na binti aliyerudi wasikose pa kula. Ardhi ilikuwa ghala, na ukoo ulikuwa mlinzi wa ghala. Mlinzi akiwafungia mlango wenye njaa, kisha akajiita mwenye mali, amekuwa mwizi hata kama ana ufunguo. Haya ndiyo tunayoamini sasa: dai la ukoo juu ya ardhi ni la haki kwa kadiri ile ile ukoo unavyobeba mzigo wa watu wake. Wahenga walisema mgomba haushindwi na mkunguwe. Ukoo unaoshindwa na binti zake hauna sababu ya kudai shamba.

Maandiko yanatusaidia. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27, binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na kudai fungu la baba yao, na Mungu akasema wanadai haki. Katika sura ya 36 wazee wa ukoo walikuja na hofu ile ile ya kwetu, kwamba ardhi itahamia kabila jingine. Wazee walisikilizwa, na sharti liliwekwa juu ya ndoa za mabinti wale. Lakini fungu lao halikuondolewa.

Wengine watasema, tukiwagawia na mabinti, vibanja vitakuwa vidogo mno. Hofu hii ni ya kweli. Huko kisiwa cha Java, Indonesia, wakulima wamezoea kuwarithisha wana na binti, na katika nchi yenye watu wengi mashamba yamekuwa madogo sana. Lakini vibanja vyetu vimekwisha kuwa vidogo kwa kugawanywa kati ya wana peke yao, na hatukusema basi wana wa mwisho wasirithi. Na akisema mtu kwamba mila haibadiliki, na akumbuke nyarubanja. Ile nayo iliitwa mila, mtu akimlipa bwana kodi kwa kibanja alichokilima mwenyewe, nasi tulifurahi sheria ilipoanza kuivunja mwaka 1965.

Tufanye nini basi? Wosia uandikwe mapema, mbele ya mashahidi, na mabinti watajwe kwa majina. Mwenye shida akitaka kuuza, awaambie ndugu kwanza. Na ndugu mwenye uchungu na makaburi alete fedha, asilete vitisho. Na kabla kikao hakijasema "hapana," mmoja aulize swali la dada yetu: ni nani atakayelipa?

Dada alilala katika Bwana mwaka 2003. Sehemu ile ya chini ya njia tumeiandika kwa jina la binti yake. Alishukuru, lakini tunajua kwamba hatukumrudishia shule yake. Mungu atusamehe, na awafumbue macho mapema wale ambao baba zao wangali hai.