Namba sahihi, ushahidi wa uongo

Vijana wetu walioko vyuo vikuu, hasa wanaosoma sayansi na uhandisi, wana msemo wao: "kupika data". Ukikaa nao barazani baada ya Isha ukawauliza maana yake, watacheka kwanza, kisha watakueleza bila kificho. Mwanafunzi anaingia maabara akitakiwa apime kitu, aandike alichokiona, halafu kutokana na vipimo hivyo akokotoe jibu. Yeye anaanza na jibu. Analichukua kitabuni, anarudi nyuma kwa hesabu, na kulijaza jedwali zima kwa vipimo ambavyo macho yake hayakuviona.

Wapo watakaosema hili ni jambo dogo la wanafunzi, halistahili nafasi gazetini. Mimi naona linabeba swali zito: je, mtu anaweza kuwa mwongo hali ya kuwa alichokisema ni kweli?

Tuchukue mfano mmoja. Wanafunzi wa uhandisi mitambo wana somo la vipimo, ambamo hufundishwa kutumia kalipa, mikromita, geji za presha na vyombo vingine vya namna hiyo. Miongoni mwa mazoezi yanayojulikana sana ni kukivuta kipande cha chuma kwenye mashine hadi kikatike, huku wakiandika nguvu iliyotumika na kiasi ambacho chuma kimerefuka. Kutokana na namba hizo wanakokotoa kile kinachoitwa moduli ya Young, yaani namna chuma kinavyokataa kuvutika. Kwa chuma cha aina ya nondo, kitabu kinasema ni kama gigapaskali 200.

Sasa kikundi cha vijana kumi kimeizunguka mashine moja, na wanaoona vizuri ni wawili. Wanapiga hesabu wanapata 40. Wanarudia, 40 ile ile. Ripoti inatakiwa kesho. Mmoja wao anasema, "Andikeni 198, tukiandika 200 kamili atashtuka." Wote wanaandika 198 na wanapata maksi nzuri.

Ile 40, ndugu msomaji, haikutoka hewani. Mashine inapovuta chuma, na yenyewe inavutika. Fremu yake inapinda kidogo, meno yanayoshika kipande yanateleza kidogo, na mwendo wa mashine unahesabu yote hayo kana kwamba ni chuma pekee kilichorefuka. Ndiyo maana kuna chombo kiitwacho ekstensometa, kinachobanwa kwenye kipande chenyewe ili kipime urefu kati ya nukta mbili tu za kipande hicho. Pasipo chombo hicho, jibu kushuka hadi 40 au chini yake si ajabu. Kwa hiyo 40 ilikuwa ni mashine inawaambia vijana jambo muhimu kuliko yote ambayo wangejifunza siku ile, nao wakaifunga mdomo.

Hata hivyo, watetezi wao wana hoja. Wanasema moduli ya chuma kweli ni karibu 200, basi aliyeandika 198 ameandika ukweli, na aliyeandika 40 ndiye aliyeandika uongo. Nani amedhulumiwa?

Hebu tulitazame kwa jambo tunalolijua sote. Usiku wa kuamkia Ramadhani mtu anakwenda kwa masheikh na kuapa kuwa ameuona mwezi. Hakuuona. Alikuwa ndani anaangalia televisheni, ila amesoma mahali kuwa kwa hesabu za wanajimu mwezi lazima uwe umeandama. Tuseme kweli umeandama. Je, ushahidi wake ni wa kweli? Hakuna sheikh atakayesema ndiyo. Hakuulizwa mwezi uko wapi, aliulizwa ameona nini.

Na tukirejea kwenye Qur'an, aya ya kwanza ya Suratul Munaafiquun inatosha. Wanafiki walimwendea Mtume (s.a.w) wakishuhudia kuwa yeye ni Mtume wa Mwenyezi Mungu. Habari waliyoitoa ni ya kweli, hakuna iliyo ya kweli zaidi. Aya inathibitisha kuwa ni kweli, na papo hapo inawaita waongo. Uongo wao haukuwa katika habari, ulikuwa katika kudai kuwa wanashuhudia kisichokuwamo vifuani mwao. Jedwali la vipimo nalo ni ushahidi: mwanafunzi anasema, "Saa fulani nilitazama mshale wa geji, nikaukuta hapa." Kama hakuutazama, usahihi wa namba haumwokoi.

Wanazuoni wa hadithi waliielewa nukta hii mapema mno. Mpokezi aliyeficha jina la aliyemsimulia, ili ionekane amesikia moja kwa moja kutoka kwa mtu wa juu, walimtilia shaka kwa kosa hilo hata pale maneno yenyewe yalipokuwa yanajulikana kuwa sahihi kwa njia nyingine. Na walipotokea watu waliotunga hadithi za fadhila za sura mbalimbali, wakijitetea kuwa nia yao ni kuwarudisha watu kwenye Qur'an, utetezi huo haukupokelewa. Inashangaza kuwa kijana anayeweza kukuhutubia nusu saa juu ya hadithi dhaifu hapo hapo msikitini, asubuhi anaingia maabara na kutunga isnadi yake mwenyewe.

Ipo hoja nyingine, kwamba haya ni mazoezi tu na mtu akishaajiriwa atakuwa makini. Napenda tuangalie yaliyotokea Marekani. Februari 2009 shirika la NASA lilirusha setilaiti iitwayo OCO, ya kupima hewa ya kaboni, kwa roketi aina ya Taurus XL. Kifuniko cha kichwa cha roketi hakikuachia, na kwa uzito ule setilaiti haikufika angani ilikotakiwa. Machi 2011 wakarusha nyingine, Glory, kwa roketi ya aina hiyo hiyo, na yakatokea yale yale. Hasara ya zote mbili ilizidi dola milioni 700. Mwaka 2019 NASA ilieleza kuwa uchunguzi umefika kwenye vipande vya alumini vya kiungo kilichotakiwa kuvunjika ili kifuniko kiachie. Vilitengenezwa na kampuni ya Sapa Profiles ya Portland, Oregon, ambako matokeo ya majaribio ya kuvuta yalikuwa yakibadilishwa ili bidhaa iliyoshindwa ionekane imefaulu. Udanganyifu huo ulidumu miaka 19, kuanzia 1996, na vyeti vya namna hiyo vilikuwa maelfu. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 46.

Jaribio ni lile lile la kuvuta, na kalamu ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba pale pa maksi pameingia mshahara. Na mkazi wa Kariakoo anayelala ghorofa ya saba analala juu ya namba za nondo na zege ambazo hakuziona wala hana uwezo wa kuzihakiki. Makhatibu wetu wanapoisoma Suratul Mutaffifiin huwageukia wauza sukari na mchele. Ni haki, lakini muuza sukari mizani yake inahakikiwa na Wakala wa Vipimo. Nani anahakiki daftari la maabara?

Nisiwatwishe vijana mzigo wote. Mhadhiri mwenye ripoti 200 mezani huangalia jibu la mwisho: likikaribia la kitabu anatoa maksi, likiwa mbali anakata. Anajua ekstensometa iliharibika siku nyingi, anajua kuwa vijana kumi hawawezi kusoma geji moja, na bado anapokea 198 kutoka kwa kila kikundi bila kuuliza ilitoka wapi. Kwa mtazamo wangu huyu anafundisha kupika data, ila hajaliandika kwenye mtaala. Mwanafunzi anayesoma kwa mkopo, ambaye akifeli anarudi nyumbani kwa mama anayeuza vitumbua, hofu yake naielewa. Lakini hofu hiyo siioni kuwa ni dharura ya kuhalalisha ushahidi wa uongo, kwa sababu njia nyingine ipo na fani yake mwenyewe inamfundisha.

Mwongozo wa kimataifa wa vipimo uliotolewa na ISO mwaka 1993 unataka kila kipimo kiandikwe pamoja na kiasi cha shaka yake. Mhandisi haandiki urefu ni milimita 25 akanyamaza, anaongeza ni kiasi gani anaweza kuwa amezidisha au kupunguza. Sheikh anapomaliza kutoa jibu husema Wallahu a'lam, na alama ile ya kujumlisha na kutoa ndiyo Wallahu a'lam ya mhandisi. Kwa hiyo ripoti ya kijana wetu ingeweza kusomeka hivi: tumepata 40, kitabu kinasema 200, tumepima kwa mwendo wa mashine kwa kuwa ekstensometa haifanyi kazi, tumeona kipande kikiteleza kwenye meno, na tunadhani sehemu kubwa ya tofauti imetoka hapo. Mistari minne tu. Wakuu wa idara wanaosoma gazeti hili watuambie ripoti ya namna hiyo, kwa utaratibu wao wa kusahihisha, inapata ngapi.