Kosa la Dereva Mlevi Huanza Lini?

Watu wawili walikunywa pombe katika meza moja, kipimo kimoja, kisha usiku wakaondoka kila mtu na motokaa yake. Mmoja alifika kwake salama, akalala. Wa pili alimgonga mtoto njiani, akamwua. Asubuhi yule wa kwanza alimsikitikia mwenzake, wala hakujihesabu kuwa na kosa lolote. Je, wawili hawa walitofautiana kwa wema, au kwa bahati tu?

Wengi wetu hupima kosa kwa madhara yake. Pasipo damu, twasema, hapana hatia. Na damu ikimwagika, twajifariji kwa methali kwamba ajali haina kinga. Methali hiyo ni kweli, lakini si ngao ya mlevi. Ajali ni jambo lisiloweza kuonwa mbele, kama mti uangukao njiani ghafula. Ulevi hauji ghafula. Huletwa na mkono wa mnywaji mwenyewe, bilauri baada ya bilauri, na ufunguo wa gari u mfukoni mwake.

Mlevi hujitetea akisema, "Si mimi, ni pombe, akili hazikuwa zangu." Utetezi huu ni wa kale, na jibu lake ni la kale vile vile. Zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, Pittacus, mtawala wa mji wa Mytilene katika nchi ya Wayunani, alitunga sheria kwamba atendaye kosa hali amelewa aadhibiwe zaidi ya atendaye akiwa na akili zake. Mwanafalsafa Aristotle alieleza haki ya adhabu ya namna hiyo: mlevi alikuwa na uwezo wa kujizuia asilewe, basi upofu wake aliutafuta mwenyewe.

Kwa hiyo sheria njema haingoji maiti. Huko Uingereza, sheria ya mwaka 1967 iliweka mpaka wa miligramu 80 za kileo katika mililita 100 za damu. Dereva aliyeupita alikuwa na hatia hata kama hakumgusa mtu, na kwa kawaida alinyimwa leseni kwa muda usiopungua miezi 12. Kwetu Kenya, Sheria ya Trafiki humtia hatiani mlevi asiyeweza kulitawala gari, si aliendeshapo tu, bali hata ajaribupo kuliendesha.

Pengine msomaji atauliza: ni haki gani kumwadhibu mtu ambaye hakumdhuru yeyote? Nami namjibu kwa mfano. Mlezi achezaye kamari kwa mali ya yatima ana hatia hata akishinda, kwa kuwa alichokiweka hatarini hakikuwa chake. Dereva mlevi naye huchezea roho za wapita njia, ambao hawakuulizwa.

Basi hakimu akimtoza faini mlevi aliyefika salama, hamwonei. Kosa lilikwisha kutendeka alipoligeuza gurudumu la kwanza. Na hukumu iliyofaa kutangulia ilikuwa yake mwenyewe, kabla ya bilauri ya kwanza.