Mwendo wa Kasi na Haki ya Jirani

Siku hizi wazazi wengi hujikuta mbele ya swali ambalo babu zao hawakulijua. Je, kijana mwenye kazi halali, na fedha alizozichuma kwa jasho lake, aweza bila dhambi kununua motokaa ya michezo iliyokwisha tumika, akaibadili ili iwe na nguvu na mwendo kuliko ilivyotoka kiwandani, akaiendesha apendavyo? Wengine hujibu upesi ya kuwa huo ni upuzi na anasa tupu. Wengine hujibu upesi vile vile ya kuwa fedha ni zake na shingo ni yake. Majibu yote mawili ni mepesi mno, na lile la pili lina hatari, maana shingo iliyo hatarini si yake peke yake. Yafaa basi tulifikiri jambo hili kwa utulivu.

Tuchukue mfano wa kijana wa Chake Chake, katika kisiwa cha Pemba. Huyu ni mfano tu, lakini wenzake twawaona katika kila mji wa nchi yetu. Ameweka akiba miaka kadhaa, akaagiza Toyota Altezza kutoka Japani. Motokaa hiyo iliuzwa huko tangu 1998 hadi 2005. Si kubwa, husukumwa na magurudumu ya nyuma, na vijana wa Afrika Mashariki huipenda sana. Usukani wake uko kulia, kwa kuwa Wajapani, kama sisi, hupita upande wa kushoto wa barabara. Hiyo ni sababu mojawapo inayofanya motokaa zao kuukuu zijae katika bandari zetu. Imevushwa bahari, imepata namba ya Zanzibar yenye herufi Z mbele, na sasa kijana yuko chini yake kila jioni na taa mkononi. Abadili springi na shokapu, atafuta tairi pana, afungua injini na kuifunga tena.

Mpaka hapa hatuoni dhambi. Kijana anayeshinda na spana mkononi, akijifunza kwa subira jinsi kitu kilivyoundwa, yu mbali na uvivu ulio mama wa maovu mengi. Tena nchi zetu za Afrika Mashariki zina kumbukumbu ya heshima katika kazi hii. Mashindano ya Safari yalianza 1953, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 yalishindwa na Joginder Singh pamoja na ndugu yake Jaswant, na motokaa yao, Volvo PV544, haikuwa mpya: ilikuwa imekwisha tumiwa na timu ya kiwanda chenyewe. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, naye alishinda tena 1974 na 1976. Chuma kilichochoka katika mkono wa mtu mwenye akili na bidii kiliwapita wenye mali nyingi. Nani atasema hilo ni jambo baya?

Wala mchezo wenyewe si dhambi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu mkuu wa karne ya 13, alifundisha ya kuwa roho huchoka kama mwili uchokavyo, na pumziko lake ni mchezo. Kwa hiyo iko fadhila ya kucheza vema. Lakini aliweka mipaka. Mchezo usiwe wa aibu wala wa kudhuru. Mtu asipoteze kabisa uzito wa moyo wake. Tena mchezo umfae mchezaji, wakati na mahali. Msomaji alishike neno hili la mwisho, mahali, maana ndilo ufunguo wa swali letu lote.

Wapemba hawahitaji kufundishwa jambo hili na mgeni. Wanao mchezo wao wa ng'ombe, ambao husemwa waliurithi zamani za Wareno. Fahali hutolewa uwanjani, mchezaji humkabili kwa kitambaa na wepesi wa miguu, ngoma na zumari hulia, na mwishoni fahali hauawi bali hurudishwa zizini. Hatari ipo, na ushujaa upo. Lakini aliyeingia mbele ya pembe ameingia kwa hiari yake, na watazamaji wamejua kilichowaleta. Hakuna mwenye busara amfunguaye fahali aliyekasirishwa na kumwacha akimbie sokoni. Akifanya hivyo, hata kama ng'ombe ni wake na alimnunua kwa fedha halali, kijiji kizima kitamwita mkosaji.

Uko mchezo wa motokaa unaofanana na huo, uitwao autokrosi. Huko Marekani huchezwa juu ya uwanja mpana wa lami. Alama za plastiki hupangwa kama njia yenye kona nyingi, motokaa huingia moja moja, dereva amevaa kofia ngumu, na anayeshindana naye ni saa tu. Katika Kenya huchezwa juu ya udongo. Mwendo si mkubwa sana, kwa kuwa kona zimekaribiana. Kinachopimwa ni ustadi wa mkono na utulivu wa kichwa. Dereva akikosea huangusha alama ya plastiki. Mchezo wa namna hiyo hatuwezi kuuhukumu, maana hatari yake hubebwa na yule aliyeichagua.

Lakini motokaa ya kijana wetu haikai uwanjani. Ndiyo hiyo hiyo impelekayo kazini na kumrudisha nyumbani, na barabara aipitayo ni ya watu wote. Wasomaji wa bara wasiofika Pemba na wajue ya kuwa kisiwa hicho ni vilima juu ya vilima. Barabara kuu yatoka bandari ya Mkoani, yapita Chake Chake, yaelekea Wete na Konde, ikipanda, ikishuka na kupinda. Nyumba nyingi ziko karibu na lami. Wakati wa mavuno majamvi hutandikwa kandokando, karafuu zikaanikwa juani. Akina mama na watoto huzigeuza, huzikimbilia mvua inapotanda, na jioni huzikusanya. Kwa watu hao, kando ya barabara ndiyo ua wao, ndiyo kazi yao, ndiyo ada ya shule na chakula cha watoto.

Hapa yafaa tufanye hesabu kidogo, maana dhamiri isiyojua hesabu huweza kudanganywa na moyo. Motokaa iendayo kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Dereva aliye macho huhitaji kama sekunde moja kuiona hatari na kukanyaga breki. Kisha, juu ya lami kavu, huhitaji kama mita 20 nyingine hata asimame. Jumla ni mita 37. Ukizidisha mwendo mara mbili, ukawa kilomita 120, zile mita 17 zitakuwa 33. Lakini zile 20 hazitakuwa 40, zitakuwa 80, kwa kuwa nguvu ya mwendo huongezeka mara nne. Jumla yapita mita 110. Basi mtoto akivuka ghafula mita 60 mbele, dereva wa kwanza atasimama na kumkemea. Dereva wa pili atamfikia akiwa bado anakwenda karibu kilomita 100 kwa saa.

Mtoto yule hakuulizwa. Hakuvaa kofia ngumu, hakulipa kiingilio, hakutaka kushindana na mtu. Huu ndio uovu wa kuigeuza barabara kuwa uwanja: mtu mmoja achukua furaha, na mwingine abebeshwa hatari asiyoijua. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya 2023, lilihesabu watu wapatao milioni 1.19 wanaokufa barabarani kila mwaka duniani. Zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, kwa baiskeli na kwa pikipiki, na ajali hizo ndizo sababu ya kwanza ya vifo vya watu wa miaka 5 hadi 29.

Kwa hiyo Kanisa halikunyamaza. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu, fungu la 30, uliwalaumu wazi wanaodharau sheria za mwendo na kuhatarisha maisha yao na ya wenzao. Katekisimu iliyotolewa 1992, fungu la 2290, yahesabu kuwa ni kosa zito kuhatarisha watu kwa ulevi au kwa kupenda mno mwendo wa kasi. Tuangalie vema: haisemi ya kuwa kosa huanza damu ikimwagika. Kosa liko katika kuhatarisha. Yule aliyepita majamvini kwa kilomita 120 na kufika salama hana sababu ya kujisifu. Amekwisha kuichezea amri ya tano, na jirani yake ameponyoka tu.

Hata wenye mashindano wamelazimika kulikubali jambo hili. Kwa miaka mingi Safari ilipita katika barabara zilizo wazi kwa watu na mifugo. Ilitolewa katika ubingwa wa dunia baada ya 2002. Iliporudi 2021, huko Naivasha, ilishindaniwa katika njia zilizofungwa. Ikiwa mabingwa wa dunia wahitaji njia iliyofungwa, kijana wa Chake Chake ahitaji zaidi.

Wako watakaotupinga kwa kusema, "Lakini mchezo wa uwanjani humfanya mtu kuwa dereva bora hata barabarani." Twakubali kwa sehemu. Aliyezoea kuihisi motokaa ikiteleza huweza kuirudisha mahali ambapo mwingine angetumbukia mtaroni. Lakini ustadi huzaa pia kujiamini, na kujiamini hukanyaga mafuta. Saa ngumu kwa kijana huyu si ile ya mashindano, bali ile ya kutoka katika lango la uwanja, damu ikiwa bado yachemka na barabara iko tupu mbele yake. Hapo ndipo yampasa kuibadili nafsi yake kama alivyoibadili motokaa. Asipoweza, basi afadhali asiwe na motokaa ya namna hiyo.

Dhamiri hiyo hujionyesha tangu kazi ya ufundi. Ukitaka kumjua kijana, tazama alianza kubadili nini. Aliyeanza na eksozi ya kelele ataka kusikiwa. Aliyeanza na injini ataka kupita wengine. Aliyeanza na breki, akabadili na mafuta yake, ambayo hunyonya unyevu wa hewa na kupoteza nguvu, akachunguza kutu ya chumvi ya bahari chini ya bodi, akanunua tairi nzima kabla ya kuongeza nguvu hata kidogo, huyo amekwisha kumfikiria jirani. Na siku atakapoiuza, amweleze mnunuzi kila alichobadili na kila kilichopata kuvunjika. Kuficha ni kuiba, na huenda kukawa kuua.

Kijana wa Pemba aweza kusema tena, "Hapa kwetu hakuna uwanja wa mchezo huo. Nicheze wapi?" Ni malalamiko ya haki, na wazee na viongozi wayasikie, vijana wasiopewa mahali pa kucheza hujitafutia. Lakini kukosa uwanja hakuigeuzi barabara kuwa uwanja. Asiye na shamba hapewi ruhusa ya kuvuna kwa mwenziwe. Angoje, aombe, akusanye wenzake, atafute eneo la wazi kwa idhini ya wenyewe. Na akikosa kabisa, mwendo huo uwe sadaka yake.

Yako pia maneno yaandikwayo nyuma ya magari mengi: ajali haina kinga. Maneno haya yamekuwa mto wa kulalia dhamiri. Ziko ajali zisizo na kinga, twajua. Lakini mwendo una kinga, nayo ni mguu wa dereva. Breki mbovu zina kinga, nayo ni fundi. Tusimsingizie Mungu kazi ya mikono yetu.

Wazazi wapenzi, msianze kwa kumvunja moyo mtoto wenu anayependa injini. Nendeni mkaitazame kazi yake, mmsifu panapostahili, kisha mmwulize maswali mawili: breki zake zikoje, na atakwenda kucheza wapi? Majibu yake yatawaonyesha moyo wake kuliko mahubiri marefu.

Mwanasheria alipomwuliza Bwana wetu jirani yake ni nani, alijibiwa kwa hadithi ya barabarani, na aliyeonyesha ujirani alikuwa mtu wa dini nyingine. Katika Pemba Wakatoliki ni wachache kati ya ndugu zao Waislamu, na bibi anayegeuza karafuu zake jamvini huenda hajui Katekisimu yetu yasema nini. Asubuhi kijana alipita kwa miguu akamwamkia, "Shikamoo, bibi," naye akajibu, "Marahaba, mwanangu." Jioni atapita tena, usukani mkononi, na bibi hatainua kichwa, maana amemwamini. Mungu amjalie kijana wetu kuistahili imani hiyo.