Kabla ya Pasaka, Tufyeke

Mwezi wa nne hapa Rungwe hakuna kinachokataa kuota. Kijiti ulichokichomeka ardhini kushikilia kamba ya nguo kinatoa jani. Mtaro uliozibuliwa juzi umeshajaa magugu, na ukuta wa jiko unaota kuvu ya kijani mpaka dirishani. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na Aprili ndiyo kilele chake. Anayeishi hapa haulizi kama itanyesha; anauliza kama itapumzika.

Ndiyo maana ndugu zetu wa Ulaya wanapohubiri Pasaka kwa kuyasifu majira ya kuchipua, nawaelewa, lakini mahubiri yao hayanitoshi. Kwao miti ilisimama mitupu tangu Novemba, ardhi ikawa ngumu kwa barafu, halafu siku moja ua linatokeza. Yerusalemu nako Pasaka huangukia wakati mvua zinakwisha na shayiri inaanza kukomaa, ule wakati ambao Walawi 23 inaagiza mganda wa kwanza upelekwe mbele za Bwana. Sisi tunaipokea Pasaka tukiwa na matope hadi magotini. Hatuhitaji mhubiri wa kututangazia kwamba uhai umerudi. Umerudi kupita kiasi, na kati ya vitu vya kwanza unavyovifunika ni makaburi.

Wiki hii nimepita makaburini kwetu, nyuma ya kanisa. Yale yaliyojengewa na kubandikwa marumaru bado yanaonekana, ingawa magugu yameyazunguka mpaka kwenye jina. Yale yenye msalaba wa mbao, msalaba umelala. Na yale ya udongo mtupu, ambayo mwaka jana yalikuwa matuta mapya yenye mashada juu yake, masika moja imeyasawazisha. Ukipita haraka utadhani ni uwanja wa kulishia ng'ombe. Mvua hainyeshi kwa upendeleo, lakini kazi yake makaburini ina upendeleo: inaanza kwa kuwafanya maskini wasahaulike.

Mama yangu alifariki Julai, ule mwezi wetu wa ukungu na baridi, watu wakakaa msibani wamejifunika mablanketi. Wengi walionipa mkono waliniambia maneno yaleyale, kwamba mgomba ukizaa hukatwa, lakini angalia machipukizi yake yalivyosimama. Walinionyesha wajukuu. Hapa kwetu hakuna mfano ulio karibu zaidi kuliko mgomba. Tunaula, tunafunikia kwa majani yake, tunaupandia kahawa chini yake. Na ni kweli wajukuu wamesimama. Lakini chipukizi si ule mgomba. Mimi nilikuwa namtaka mama.

Baadaye niliona kwamba Ayubu alishalitamka jambo hili, tena kwa ukali kuliko ambavyo ningethubutu. Katika sura ya 14 anasema mti una tumaini. Hata ukikatwa, hata shina likifia udongoni, harufu tu ya maji inatosha kuuchipusha. Kisha anamgeukia mwanadamu na kuuliza, na huyu je? Anakufa, analala, yuko wapi? Ayubu haoni faraja katika majani mabichi. Yanamwongezea uchungu, kwa sababu mti unapewa kitu ambacho mwanawe hakupewa. Wahubiri hupenda kukimbilia sura ya 42, ambako anapata tena wana 7 na binti 3, hesabu ileile ya mwanzo, na kusema Bwana alirudisha vyote. Mifugo ilirudi mara mbili, sawa. Lakini mwulize mzazi yeyote aliyezika mtoto akajaliwa mwingine kama wa pili ndiye yule wa kwanza. Atakutazama tu.

Wapendwa, naandika haya Juma Takatifu, si kwa nia ya kuwapunguzia Pasaka. Nataka tuisherehekee ile yenyewe. Nyasi za mwaka huu si nyasi za mwaka jana zilizofufuka. Ni nyasi nyingine, zimekua juu ya zile zilizooza. Kama ufufuo ungekuwa kitu cha namna hiyo, tusingehitaji kaburi tupu. Tungetoka nje tu tukaangalia shamba la maharage. Yohana anatuambia kwamba kaburi la Yesu lilikuwa bustanini. Mariamu Magdalene alisimama katikati ya bustani hiyo, katika majira ya mimea kuchanua, akilia. Bustani haikumtuliza. Alipomwona Bwana alidhani ni mtunza bustani, akamwuliza mwili umewekwa wapi ili aende akauchukue. Hakuwa anatafuta uhai kwa jumla. Alikuwa anamtafuta mmoja. Na kilichomgeuza ni kusikia anaitwa kwa jina.

Hapo ndipo ninapoielewa desturi yetu Wamoravian ya kwenda makaburini alfajiri ya Pasaka. Wageni huishangaa. Wakristo wa makanisa mengine wananiuliza kwa nini siku ya furaha tunaianzia mahali pa huzuni, gizani, tena kwenye mvua. Huwa ninawasimulia habari za Herrnhut.

Kijiji hicho kilianzishwa mwaka 1722 katika shamba la kabaila aitwaye Zinzendorf huko Saxony, Ujerumani, na watu waliokimbia Moravia kwa ajili ya imani yao. Walikuwa wakimbizi. Waliacha nyuma nyumba, karakana, mashamba, na makaburi ya wazazi wao, wakajua hawatayaona tena. Wakakata miti, wakajenga. Miaka kumi tu baadaye, Pasaka ya 1732, kundi la vijana wa kiume lilipanda kabla ya mapambazuko kwenda makaburini, kwenye kilima cha Hutberg, wakaimba nyimbo za ufufuo mpaka jua likatoka. Kijiji cha miaka kumi, na tayari kina wafu wa kutosha kutembelewa! Agosti ya mwaka huohuo, wamisionari wao wa kwanza, Leonhard Dober na David Nitschmann, waliondoka kwenda kisiwa cha St. Thomas katika Karibi kuwahubiria watumwa. Mimi nayaona mambo hayo mawili kuwa moja. Watu waliokwisha kusimama gizani kati ya makaburi yao wakaimba hawaogopi tena kwenda mbali. Wajumbe wa kanisa lao, la Moravian, walifika Rungwe mwaka 1891, na leo Wamoravian wa Tanzania ni wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote duniani.

Wale wa Herrnhut walikuwa na jambo jingine ambalo sisi hatukulirithi vizuri. Makaburi yao yalifunikwa kwa mawe bapa yanayofanana, la tajiri na la fundi viatu, na watu hawakuzikwa kwa ukoo. Wanaume walilala na wanaume, wanawake na wanawake, kila mmoja kwa zamu aliyoitwa, kana kwamba kifo hakikuwatoa katika kundi waliloishi nalo. Mnyakyusa halisi wa zamani asingeshangaa sana. Babu zetu walijenga vijiji kwa rika. Vijana waliokua pamoja walihama kwa baba zao wakajenga pao, na Monica Wilson, aliyeishi hapa Rungwe miaka ya 1930, aliandika kitabu kizima juu ya vijiji hivyo mwaka 1951. Tulikuwa na njia yetu ya kuamini kwamba jirani anaweza kuwa ndugu kuliko ndugu. Lakini nisiwapambe Wamoravian wa kale kupita kiasi. Huko Salem, North Carolina, ambako ibada ya alfajiri imefanyika tangu 1772 na matarumbeta hupita mitaani usiku kuwaamsha watu, mwaka 1816 kanisa liliwatengea watu weusi makaburi yao. Mawe yalibaki sawa. Uzio ndio uliosema ukweli.

Sisi uzio wetu ni wa namna nyingine. Wengi wetu huzikwa nyumbani, pembeni ya migomba. Mama yangu amelala hatua chache kutoka jiko alilopikia, kuku wanachakura pale, wajukuu wanapita wakienda kisimani. Kaburi lake halitaota nyasi hata mvua inyeshe mwaka mzima, kwa sababu kuna miguu. Makaburini pa kanisa wamelala wasiokuwa na kiwanja chao: mwalimu aliyehamishiwa hapa kutoka mbali, mchuma chai ambaye kwao hakukujulikana vizuri, mjane aliyefukuzwa na shemeji zake, watoto wa wapangaji. Hao hawana miguu mingine isipokuwa yetu. Kwa hiyo mtu asiniambie, "Mchungaji, mimi wangu hayuko pale, nitakuja Jumapili ibada ya saa tatu." Hata mimi wangu hayuko pale.

Na kwa kuwa nimeanza kusema, niseme na hili. Sisi ni hodari wa msiba. Mtu akifariki asubuhi, mchana turubai limesimama, kuni zimefika, akina mama wameshagawana masufuria, na daftari la rambirambi limefunguliwa. Sijaona mahali wanapofanya vizuri kuliko hapa. Lakini turubai likikunjwa, tunakunja na macho yetu. Mjane wa Julai anafika masika akiwa peke yake. Novemba alipanda mahindi kwa mkono wake, Desemba alipalilia mistari michache akachoka, Januari akaanza kununua unga kwa kukopa. Sasa bati lililokuwa linagongelewa na marehemu linavuja juu ya kitanda cha watoto. Hakuna anayempita barabarani bila kumsalimia, na hakuna anayeuliza habari za bati. Kwa maoni yangu, ile fedha tunayochanga siku tatu za kwanza ingegawanywa, sehemu yake ikasubiri mwezi wa tatu na wa nne, tungekuwa tumemfariji mtu kweli. Nimelipeleka kwa wazee wa kanisa. Wanalifikiria.

Katika liturgia yetu ya Pasaka kuna sala inayowakumbuka ndugu walioitwa tangu Pasaka iliyopita, ikiomba tudumu katika ushirika nao. Hapo ndipo huwa tunasoma majina. Katibu wa usharika huandaa orodha kutoka kwenye kitabu cha mazishi, nami nayasoma kwa sauti mbele ya makaburi, taa ya kandili ikishikwa na mzee mmoja ili nione. Mwaka huu jina moja ni la nyumbani kwangu na nimeshajiuliza nitalipitaje. Nimeamua nitalisoma kwa zamu yake, kwa tarehe, kati ya mzee mmoja wa kwaya na kijana wa bodaboda aliyegongwa njia ya Mbeya. Hapo ndipo mahali pake. Mama angechukia kusomwa mwanzo eti kwa sababu mwanawe ndiye mchungaji.

Kuna jambo lililotuchelewesha kikaoni. Dada mmoja wa usharika huu alikuja kwangu akitaka mtoto wake awemo kwenye orodha. Mtoto aliishi chini ya juma moja, mwezi wa kumi. Hakubatizwa, na alikuwa bado hajapewa jina, kwa sababu baba mkwe aliyepaswa kulitoa alikuwa safarini. Mzee mmoja alisema, kwa upole na kwa haki yake, kwamba orodha ni ya washirika, na tukianza kuongeza hatutajua tuishie wapi. Mwingine akauliza tutamsomaje mtu asiyekuwa na jina. Swali hilo halikuwa la dharau, na kwa muda hakuna aliyekuwa na jibu. Mimi nilisema tu kwamba hatujui kuishia wapi ni kweli, na kwamba sioni vibaya kutojua. Mama mzee wa idara ya wanawake, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, akasema mtoto huyo anaitwa kwa mama yake kama sote tulivyoitwa kabla hatujajua kusema, na akina mama waliomwogesha bado wapo, waulizwe kama hakuwepo. Tukaandika: mtoto wa fulani, na jina la mama, na tarehe. Katibu aliongeza mstari kwenye daftari kwa kalamu, kwa sababu ukurasa ulikuwa umeshajaa.

Basi mpango ni huu. Jumamosi saa mbili asubuhi tukutane makaburini. Vijana waje na mafyekeo na mapanga, akina baba majembe ya kupandishia udongo kwenye matuta yaliyozama, na mwenye mbao chakavu za kutengenezea misalaba azilete kwa fundi wetu kabla ya Ijumaa. Tutaanzia upande wa bondeni, wenye makaburi ya udongo, tuyamalize hayo kwanza. Ya marumaru yatasubiri. Tunaomba mtu asifyeke kaburi la kwao akaondoka. Idara ya wanawake itapika uji na viazi. Wapiga matarumbeta wataanza kuzunguka vitongojini saa tisa usiku wa kuamkia Jumapili, kwa hiyo wenye mbwa wawafunge, mwaka jana tulipata shida. Ibada itaanza saa kumi na moja alfajiri. Njooni na miavuli, na mtu mwenye buti za ziada amkumbuke jirani. Mvua ikinyesha hatuahirishi, na nina hakika itanyesha.